Nani Anaweza Kusubiri? Utangulizi wa Taaluma ya Biashara ya Haki

Hakuna mkulima wa Uasin Gishu anayevuna kakao. Mkakao unataka joto na unyevunyevu wa nchi za chini, na Eldoret iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, ambako mwezi wa Julai mtu halali bila blanketi nzito. Lakini kakao hupita hapa. Inatoka Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, na nyingine ng'ambo ya mpaka huko Beni, mashariki mwa Kongo. Inavuka Malaba ikiwa imefungwa magunia ndani ya kontena, inapanda Webuye na Turbo, kisha inauzunguka mji kwa barabara ya mchepuko kutoka Leseru hadi Cheplaskei na kushika njia ya Nakuru kwenda Mombasa. Dereva anaweza kushuka Burnt Forest kunywa chai, mzigo haushuki. Baadaye chokoleti hupanda barabara hiyo hiyo kutoka bandarini, ikapangwa kwenye rafu za supamaketi za Uganda Road, karibu na pale pa kulipia, mahali ambapo watoto hawawezi kukosa kuiona.

Nimeanza na lori kwa sababu wengi wanaoingia katika somo hili huingia wakidhani ni habari za mbali: za Ghana na Ivory Coast, za watu wa London wanaosoma karatasi ya chokoleti kabla ya kutoa pesa. Ni kweli kwamba nchi hizo mbili za Afrika Magharibi hutoa zaidi ya nusu ya kakao yote ya dunia, na kampeni nyingi zimeelekezwa huko. Ni kweli pia kwamba neno Fairtrade, nembo ya biashara ya haki, lilijulikana kwa wanunuzi wa Ulaya kabla ya kujulikana kwa wakulima wa Nandi. Lakini taaluma yenyewe haina zao wala haina bara. Wanahistoria wamo, wachumi wamo, wanasheria wamo, na wako wanaharakati waliochoka kuandamana wakaja kusoma ili wajue walichokuwa wakiandamania. Karibu, basi, kutoka mlango wowote ulioupitia.

Wachumi watakuambia kuwa bei hupangwa na wingi wa mali na wingi wa wanunuzi. Sina ugomvi nao. Ila mimi huwashauri wanafunzi wangu waulize swali jingine kwanza. Watu wawili wanapokutana kwenye mizani, ni yupi kati yao anayeweza kwenda zake leo mikono mitupu, akarudi wiki ijayo, na asipate hasara yoyote? Huyo ndiye atakayetaja bei. Mengine yote utakayosoma katika taaluma hii, kuanzia nembo, mikataba, kesi za mahakamani, migomo ya wanunuzi hadi vyama vya ushirika, yanasomeka vizuri zaidi ukiyapima kwa swali hilo: je, yalimwongezea mkulima uwezo wa kusubiri, au yalimpa tu jina zuri la kuandikwa kwenye karatasi?

Mwanafunzi wa Eldoret hahitaji nauli kulielewa jambo hili. Kuanzia Oktoba hadi Desemba mahindi huvunwa Moiben, Ziwa, Soy na Moi's Bridge. Bodi ya Nafaka haipokei mahindi ambayo unyevu wake umezidi asilimia 13.5. Mkulima asiye na mahali pa kukaushia huanika kwenye turubai, na mvua ya Novemba ikinyesha hukimbilia kulikunja. Januari shule zinafunguliwa. Broka anajua kalenda hiyo kuliko mwalimu mkuu. Anakuja na lori na pesa taslimu, hana foleni, na hasumbuki sana na kipimo cha unyevu kwa sababu hasara ya unyevu ameshaikata kwenye bei. Msimu wa 2023 serikali ilitangaza Sh4,000 kwa gunia la kilo 90, na bado wako waliouza chini ya hapo, maana bei ya serikali hulipwa kwa anayeweza kupanga foleni na kungoja hundi. Ikifika Juni, yule aliyeuza Novemba anaonekana sokoni akinunua mahindi kwa gorogoro, na anayanunua kwa bei ya aliyesubiri. Wahenga walisema subira huvuta heri. Hawakusema nani atalipa karo subira ikiendelea.

Tumwache mkulima wa mahindi hapo kwa sasa tufuate lori letu kinyumenyume hadi Bundibugyo, kwa sababu kakao huonyesha jambo hili wazi kuliko zao lolote ninalolijua.

Tunda la kakao hukatwa kwa kisu likapasuliwa. Ndani mna mbegu thelathini hadi arobaini zilizovikwa ute mweupe mtamu. Hapo hapo mkulima ana njia mbili. Ya kwanza ni kuuza kakao mbichi siku ile ile, ute ukiwa bado unachuruzika, kwa mchuuzi aliyefika na pikipiki na mizani ya kuning'iniza. Ya pili ni kuivundika: azirundike mbegu kwenye sanduku la mbao au azifunike kwa majani ya mgomba, azigeuze kila baada ya siku moja au mbili, angoje siku tano hadi saba joto la ndani lipande hadi karibu nyuzi 50. Ute unaoza na kutiririka, harufu ya siki inajaa uani, na ndani ya mbegu vinaanza kujengeka vile vitu ambavyo baadaye vitaitwa ladha ya chokoleti. Mbegu isiyovundikwa, hata uikaange vipi, haitoi ladha hiyo. Kisha azianike juani wiki nzima au zaidi mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 7 au 8. Karibu kilo tatu za mbichi huzaa kilo moja ya kavu. Jumla yake ni wiki mbili hivi za kusubiri, na thamani kubwa ya kakao ya mkulima imo ndani ya wiki hizo mbili. Mwenye mgonjwa hospitalini hana wiki mbili. Mwenye shamba linaloingiliwa na wezi usiku pia hana, na wizi huo huzidi bei inapopanda, kwa hiyo bei nzuri nayo inaweza kumharakisha mtu kuvuna tunda lisiloiva.

Wapo wanaouza hata kabla ya tunda kukatwa. Huko Kyela, mkoani Mbeya, mtindo wa kununua kakao ikiwa bado mtini kwa pesa ya haraka unaitwa njemke. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanaujua mtindo huo huo kwa jina la butura. Serikali ya Tanzania imeupiga vita mara nyingi, na Kyela kakao sasa huuzwa kwa mnada kupitia vyama vya msingi na stakabadhi za ghala: mkulima anapeleka mzigo ghalani, anapewa karatasi, wanunuzi wanashindana. Utaratibu huo ni mzuri kwa anayeweza kukaa na karatasi mfukoni mpaka siku ya malipo. Kenya nayo ilipitisha sheria ya stakabadhi za ghala mwaka 2019, na mahindi ndiyo yaliyokusudiwa kwanza. Msomaji ataona kuwa nchi zetu zimekuwa zikitunga sera za kusubiri bila kuziita hivyo.

Njia nyingine imejaribiwa Mbingu, katika bonde la Kilombero. Tangu 2013 kampuni ya Kokoa Kamili imekuwa ikinunua kakao mbichi kutoka kwa wakulima wadogo kwa bei iliyozidi ya soko la pale, kisha inavundika na kukausha yenyewe kituoni na kuwauzia watengenezaji wadogo wa chokoleti ng'ambo. Mkulima analipwa siku ya kuleta. Kusubiri kumehamia kwa mwenye mtaji. Sijui watetezi wangapi wa nembo wangekubali kuiita hiyo biashara ya haki, na mjadala huo utakukuta ndani ya taaluma: je, haki ni mkulima kulipwa leo, au ni mkulima kumiliki sanduku la kuvundikia?

Beni ni habari nyingine. Huko kakao ilishika nafasi ya kahawa baada ya ugonjwa wa mnyauko kuangamiza mibuni, na ilishika nafasi hiyo wakati vita vimekwisha kuzoeleka. Ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Kongo zimeeleza jinsi kakao inavyoporwa mashambani na kuvushwa kwenda Uganda. Wakulima wameuawa wakivuna. Gunia likishavuka mpaka na kuchanganywa na mengine linakuwa na makaratasi yake, na anayelitazama likipita Leseru hawezi kujua lilitoka wapi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, inayotaka kakao na kahawa zionyeshe zilitoka shamba gani hasa, ilikusudia misitu. Utekelezaji wake umeahirishwa. Lakini swali la gunia limetoka wapi ni la zamani zaidi ya misitu, nalo linatupeleka São Tomé.

Kampeni za wanunuzi hazikuanza na chokoleti. Mwaka 1791 maelfu ya familia za Uingereza ziliacha sukari ya Karibi kwa sababu ililimwa na watumwa, na baadaye mabakuli ya sukari yakaanza kuuzwa yakiwa na maandishi ya kutangaza kuwa sukari iliyomo haikulimwa na watumwa. Nembo, kwa maana hiyo, ina umri wa zaidi ya miaka mia mbili. Lakini kisa ambacho ningependa mgeni wa taaluma hii akisome polepole ni cha kakao ya Wareno.

Mwaka 1901 William Cadbury, wa familia ya watengeneza chokoleti wa Birmingham, aliona tangazo la shamba linalouzwa katika kisiwa cha São Tomé. Katika orodha ya mali ya shamba, pamoja na miti na majengo, waliwekwa wafanyakazi weusi na thamani yao kwa pesa. Kwa sheria za Ureno hao hawakuwa watumwa. Walikuwa vibarua wa mkataba walioletwa kutoka Angola. Kwa kweli walikuwa wametembezwa kwa minyororo kutoka bara, na karibu hakuna aliyerudi. Familia ya Cadbury walikuwa waumini wa Quaker, watu ambao wazee wao walipigana na utumwa. Na kiwanda chao kilikuwa kikinunua sehemu kubwa ya kakao yake kutoka visiwa hivyo.

Walifanya nini? Walichunguza. Walimpeleka Joseph Burtt, akajifunza Kireno kwanza, akasafiri São Tomé, Príncipe na Angola kati ya 1905 na 1907. Mwandishi wa habari Henry Nevinson, ambaye hakungoja kutumwa na kiwanda chochote, alikuwa ameshapita njia hiyo hiyo na kuchapisha kitabu chake mwaka 1906. Ripoti ya Burtt ilithibitisha aliyosema Nevinson. Ikafuata barua kwa wizara, mazungumzo na Wareno, ahadi za mageuzi. Cadbury waliacha kununua mwezi Machi 1909, pamoja na wenzao Fry na Rowntree. Wakati huo walikuwa wameshaanza kupata kakao Gold Coast, ambayo leo ni Ghana. Gazeti la Standard lilikuwa limewashutumu kwa unafiki, wakalishtaki kwa kuwavunjia heshima. Kesi ilisikilizwa Birmingham mwishoni mwa 1909. Baraza la wazee wa mahakama liliwapa Cadbury ushindi, na fidia ya farthing moja, yaani robo ya peni.

Wanahistoria bado wanabishana kama William Cadbury alikuwa mnafiki au mtu mwema aliyezungukwa na wanadiplomasia. Mimi naona swali hilo halina faida kubwa. Ninachokiona ni miaka minane. Kampuni iliweza kusubiri miaka minane kati ya kujua na kuacha, na katika miaka hiyo yote kakao iliendelea kuingia kiwandani kwa bei nzuri. Kibarua wa São Tomé hakuwa na miaka minane. Uwezo wa kusubiri, ambao shambani ni ngao ya mnyonge akiupata, mikononi mwa mwenye nguvu huwa njia ya kutotenda.

Ukishaliona hilo, utalitambua tena karne moja baadaye. Mwaka 2001, baada ya habari za watoto wanaofanyishwa kazi katika mashamba ya kakao Ivory Coast kuenea, Seneta Tom Harkin na Mbunge Eliot Engel wa Marekani waliwafanya wenye viwanda vya chokoleti watie saini makubaliano. Hayakuwa sheria. Kazi mbaya zaidi za watoto zilipaswa kuwa zimekomeshwa, na utaratibu wa kuthibitisha uwe tayari, ifikapo 2005. Tarehe ikasogezwa hadi 2008, kisha 2010, kisha ikabadilishwa iwe kupunguza kwa asilimia 70 ifikapo 2020. Mwaka huo wa 2020 watafiti wa NORC, katika Chuo Kikuu cha Chicago, walikadiria kuwa watoto milioni 1.56 walikuwa bado katika ajira ya watoto kwenye kakao ya Ghana na Ivory Coast. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua dhidi ya raia sita wa Mali waliosema walisafirishwa wakiwa watoto kwenda kufanya kazi katika mashamba hayo. Walikuwa wameishtaki Nestlé na Cargill. Majaji walisema maamuzi ya jumla ya kampuni yaliyofanyiwa Marekani hayakutosha kuileta kesi mbele ya mahakama za huko. Kesi ilikuwa imeanza 2005.

Nembo tunazoziona leo zilizaliwa kwenye kahawa, na hapa Bonde la Ufa na Mlima Elgon tunaingia katika hadithi kwa miguu yetu wenyewe. Tangu 1962 Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulikuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Ulikuwa mkataba wa serikali, na mkulima alipata kile serikali yake ilichomwachia. Barafu ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 bei ikaruka, na kahawa ya Uganda ya Idi Amin, iliyolipwa shilingi zisizonunua kitu, ikaanza kuvuka mpaka usiku kwa punda na kwa migongo ya watu hadi Chepkube, upande wa Bungoma. Vitabu huita ulanguzi. Wazee wa huko huita miaka ya neema. Ukitaka kujua wakulima wanafikiri nini juu ya haki katika biashara, Chepkube ni chanzo kizuri kuliko azimio lolote la mkutano, kwa sababu waliamua kwa kubeba mzigo.

Mkataba wa Kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaporomoka. Mwaka mmoja kabla, Uholanzi, shirika la Solidaridad pamoja na wakulima wa kahawa wa Mexico na padri aliyeishi nao, Frans van der Hoff, walikuwa wameanzisha nembo ya Max Havelaar, wakiipa jina la mhusika wa riwaya ya 1860 iliyoshutumu ukoloni wa Kidachi kule Java. Chama kikuu cha ushirika cha Kagera kilikuwa miongoni mwa vya kwanza Afrika kuuza kahawa kwa njia hiyo. Mwaka 1993 wakulima wa kakao wa Ghana waliunda ushirika wa Kuapa Kokoo, na mwaka 1998 wakaingia ubia katika kampuni ya chokoleti ya Uingereza, Divine, ambayo baadaye walishika asilimia 45 ya hisa zake. Mkulima mwenye hisa katika kiwanda ana sababu ya kusubiri: faida inayopatikana baada ya gunia kuondoka nayo ni yake. Jaribio hilo linastahili tasnifu yake, pamoja na kupungua kwake baadaye. Mashirika ya nembo ya nchi mbalimbali yaliungana mwaka 1997, makao yakawa Bonn, na wazalishaji wa Afrika wakaunda mtandao wao mwaka 2005, ambao sasa unaitwa Fairtrade Africa na una makao yake Nairobi.

Mtambo wenyewe hauna siri nyingi. Kuna bei ya chini isiyoshukwa, na kuna ziada inayolipwa kwa ushirika ili wanachama waamue pamoja itumikeje. Kwa kakao ya kawaida, tangu Oktoba 2019, bei hiyo ilikuwa dola 2,400 kwa tani na ziada dola 240. Soko likiwa juu ya hapo, mkulima anapata bei ya soko. Machi 2024 bei ya kakao katika masoko ya ahadi ilipita dola 10,000 kwa tani, na bei ya chini ikaonekana kama kiatu cha mtoto. Ghana na Ivory Coast, ambako serikali hutangaza bei ya msimu mapema, wakulima wengi hawakuiona neema hiyo upesi. Uganda, ambako soko ni huria, ilifika mashambani mara moja, na wezi wakafika nayo.

Je, bei ya chini inafanya kazi? Jirani zetu wa chai wanaweza kujibu. Mwaka 2021 Kenya iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya viwanda vya KTDA katika mnada wa Mombasa. Wanunuzi walichukua chai ya mashariki ya Bonde la Ufa, wakaiacha ya magharibi, na magunia yasiyouzwa yakajaa maghalani. Mwaka 2024 bei hiyo ikaondolewa. Wakulima wa Nandi na Kericho wanalijua jambo hili kwa bonasi zao. Bei ya chini bila mnunuzi aliyeahidi kununua humfanya mkulima asubiri bila kulipwa. Ndiyo maana kipengele ninachokiona kuwa na uzito zaidi katika kanuni za Fairtrade ni kile kisichotajwa kwenye mabango: ushirika unaweza kudai malipo ya awali kutoka kwa mnunuzi, hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, kabla ya mzigo kuondoka. Pesa hizo ndizo zinazouwezesha ushirika kumlipa mwanachama siku anapoleta, naye akaacha kumwangalia mwenye pikipiki. Chunguza ni mikataba mingapi inayotekeleza hilo, utakuwa umeanza utafiti.

Wakosoaji wapo, na nakusihi uwasome mapema kabla hujaipenda nembo. Mwaka 2014 watafiti wa SOAS, chuo cha London, walichapisha matokeo ya kazi ndefu waliyoifanya Ethiopia na Uganda. Hawakuwauliza wenye mashamba. Waliwafuata vibarua, wale wanaochuma kwa ujira wa siku. Waligundua kuwa mara nyingi vibarua wa maeneo yenye vyama vya Fairtrade walilipwa chini ya wenzao wa kwingine. Katika ushirika mmoja wa chai Uganda, ziada ilikuwa imejenga vyoo vya kisasa, na vyoo hivyo vilitumiwa na wakubwa wa ofisi. Mashirika ya nembo yalipinga ulinganisho ule. Lakini swali limebaki: tunaposema mkulima, tunamsema nani? Hata Uasin Gishu, mwenye ekari tano za mahindi ana wapalizi, na mpalizi husubiri malipo ya mtu ambaye naye anasubiri Bodi. Mwanauchumi Ndongo Sylla wa Senegal ameikosoa harakati kutoka upande mwingine, akionyesha kuwa nchi maskini kabisa ndizo zinazofaidika kidogo nayo.

Kampuni nazo huja na kuondoka. Chokoleti ya Cadbury Dairy Milk ilipata nembo Uingereza mwaka 2009. Mwaka 2016 wenye kampuni wakaihamishia kwenye mpango wao wenyewe. KitKat ya Uingereza iliachana na Fairtrade mwaka 2020, ikahamia Rainforest Alliance. Hoja ya Cadbury ilikuwa kwamba mpango wa kampuni unawafikia wakulima wengi zaidi. Inawezekana. Ila katika mpango wa kampuni, anayeweka kanuni na anayenunua ni mtu mmoja. Wakenya wa rika langu wana sababu ya kukumbuka kuwa uamuzi wa ng'ambo hauna mwenyeji: kiwanda cha Cadbury cha Nairobi kilifungwa mwaka 2014.

Siwezi kukuacha bila mfano ulio karibu na uliofanikiwa kwa sehemu. Katika vilima vya kahawa vya Kericho na Nandi, wanawake wa vyama vya Kabng'etuny na Kapkiyai walikuwa wakichuma, wakibeba na kupeleka kahawa kiwandani, na malipo yakitoka kwa jina la mume, kwa sababu mwanachama ni mwenye mibuni na mwenye mibuni ni mwenye shamba. Kwa mradi ulioendeshwa na Fairtrade Africa, waume walikubali kuwahamishia wake zao umiliki wa mibuni, si wa ardhi, ili nao wawe wanachama na walipwe kwa majina yao. Tazama jinsi jambo lilivyopitishwa penye mwanya mwembamba: ardhi ingezua vita ukoo mzima, miti haikuzua. Hapakuhitajika karatasi ya chokoleti ya kifahari wala mnunuzi wa London. Palihitajika daftari la ushirika lenye safu mpya ya majina. Na mwenye jina kwenye daftari anaweza kukopa akingoja malipo.

Kwa hiyo, kwa zoezi la kwanza, usiende supamaketi kutafuta nembo. Nenda kwenye foleni ya Bodi ya Nafaka mwezi wa Novemba, au kwenye kituo cha kukusanyia majani chai, au kama una ndugu dereva wa masafa, hadi Bundibugyo. Omba kuonyeshwa risiti, na ukinyimwa usilazimishe, rudi siku nyingine. Andika tarehe tatu: siku mzigo ulipopimwa, siku pesa zilipofika, na siku ya katikati ambapo familia ilikopa, ilikopa kwa nani, na kwa riba gani. Kisha muulize aliyelima na aliyepalilia, kila mmoja peke yake, maana tarehe zao hazitalingana.